Nimeishi Uingereza kwa kucheza poka, sasa niko Unguja. Ulizeni

Mwana wa Malindi:
Assalam alaykum jamani. Kwenye ule uzi wa mikeka ya kubeti mpira nilisema kwa kupita tu kwamba mie nimeishi Uingereza kwa karata, yani kodi ya nyumba, chakula, bili ya umeme, vyote karata, basi toka siku ile inboksi haishi, nusu wananiombea hidaya na nusu wanataka niwafundishe. Nafungua uzi niwajibu hapa hapa tumalizane.

Poka ninayoisema ni ile ya Texas Hold'em. Kila mtu anapewa karata mbili anazificha, halafu zinafunguliwa tano katikati ya meza ambazo ni za wote, kwanza tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Kabla ya kufunguliwa na kila zikifunguliwa watu wanaweka pesa, unaweza kufuata, unaweza kupandisha, au unalaza karata zako unatoka. Anakula mwenye karata tano bora, au anakula yule aliyewatoa wenzake wote hata kama mkononi hana kitu anazuga tu, na hapo ndo penye kazi yenyewe. Tofauti yake na mkeka ni kuwa hushindani na kampuni, unashindana na watu mliokaa nao meza moja, mwenye meza anachukua kamisheni yake tu, onlaini mara nyingi kama asilimia 5 ya pesa iliyokusanyika. Ukiwa bora kuliko wenzio kwa zaidi ya hiyo kamisheni basi utakula. Ila si leo wala kesho, unaweza kucheza vizuri miezi mitatu mfululizo na bado ukawa chini.

Siku yenyewe inakwenda hivi. Unaamka saa sita mchana, unakunywa chai, unakaa kuangalia mikono ya jana (mkono ni mchezo mmoja, toka karata kugawiwa mpaka pesa kuliwa), sio ile uliyoliwa tu, hata ile uliyokula mana mtu anaweza kula huku amecheza ovyo. Jioni unafungua meza sita, nane, kwa pamoja kwenye laptopu mpaka karibu na alfajiri. Na msidhani ni kama kwenye filamu mtu kavaa miwani meusi anasukuma pesa zote, meza ya watu tisa mchezaji makini anatupa karata kama mara nane katika kumi, yani kazi kubwa ni kukaa na kutupa, kukaa na kutupa. Jumapili ndo siku ya mashindano makubwa ya onlaini kwa hiyo harusi zote za Jumapili mie sionekani. Mashindano nayo yanalipa kama asilimia 15 ya walioingia, wengine wote mnarudi mikono mitupu. Ukawaambia watu wa nyumbani leo nimeliwa, na jana nimeliwa, na juzi, wanaona umerogwa, na weye unajua umecheza sawasawa.

Haya ulizeni.

Mkeka Dume:
Boss heshima yako. Mie mkeka wangu kila wiki unachanika timu moja, kila wiki wallahi, hii Arsenal itanizika. Sasa hiyo poka mtaji wa kuanzia kama ngapi, nina laki tatu nimeweka pembeni, naweza kutoboa?

Mwana wa Malindi:
@Mkeka Dume hizo laki tatu nunua baiskeli. Sikutukani, nakupa hesabu. Watu wa kazi hii wanakwambia kwenye mashindano uwe na viingilio mia angalau, wengine wanasema mia mbili, kwa hiyo ukicheza ya kiingilio cha dola 10 uwe na dola 1,000 za mchezo peke yake, na pembeni uwe na matumizi ya nyumbani ya miezi kadhaa ambayo huyagusi. Na kwa viingilio vya dola 10 hulishi familia Uingereza, labda ulishe paka. Halafu kuna kitu hukijui bado, mori ukikupanda baada ya kuliwa kijinga unafanyaje? Mana weye mkeka ukichanika saa nne usiku saa nne na robo unaweka mwengine.

Mkeka Dume:
Umejuaje 😂😂

Ustadh wa Ng'ambo:
Waalaykum salaam. Kijana nimekusoma mpaka mwisho sikukukatiza. Al-Maida aya ya 90 imetaja ulevi na kamari pamoja, na ikasema jiepusheni. Al-Baqara aya ya 219 imesema vina manufaa kwa watu lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kwa hiyo hapana anayebisha kwamba pesa ipo, na ustadi pia upo, mwizi naye ana ustadi. Linalonishughulisha mie ni kuwa kila pauni uliyoitia mfukoni imetoka kwa mtu ambaye hukumuuzia kitu, hukumjengea kitu, hukumpeleka pahala. Na pengine nyumbani kwake watoto walikuwa wanamngojea nayo.

Mwana wa Malindi:
@Ustadh wa Ng'ambo sina elimu ya kubishana na weye na sikuja kutafuta fatwa, hilo la aya nalijua toka chuoni. Hilo la mwisho ndo limenigusa, mana wenyewe tunawaita samaki. Unakaa meza moja na mtu unaona kabisa huyu leo kapokea mshahara, kalewa, anafuata kila kitu, na meza nzima watu wanamngojea yeye tu. Akiinuka kwenda nyumbani wote tunainuka mana sisi kwa sisi hatuna cha kulana. Watu wengi hawakwambii hili, kwamba bila ya huyo hakuna kazi. Ndo mana kwenye ukumbi wa kasino sikupenda sana, onlaini humuoni mtu usoni, ingawa ni yule yule.

Ramadhani sichezi.

Ustadh wa Ng'ambo:
Mola wa Ramadhani ndo huyo huyo wa Shawali.

Mwalimu wa Hesabu:
Mie nipo kwenye namba tu, dini nawaachia wenyewe. Karata ziko 52, ree ziko nne. Nafasi ya kupewa ree mbili ni 4 kwa 52 mara 3 kwa 51, sawa na 1 kwa 221. Mezani wanagawa kama mara 30 kwa saa, kwa hiyo utakaa saa saba na zaidi kusubiri ree mbili zako. Halafu ukizipata na mwenzio ana wafalme wawili na mkaweka pesa zote kabla ya kufunguliwa kitu, unashinda kama asilimia 82. Yani hata hapo, pahala pazuri kupita pote, karibu mara moja katika kila tano au sita unaliwa. Natamani wanafunzi wangu wa fomu tri niwafundishie probabiliti kwa haya lakini najua mkuu wa skuli atanihamishia Tumbatu.

Mwana wa Malindi:
@Mwalimu wa Hesabu hesabu yako sawa kabisa. Na hiyo 82 ndo inayowatoa watu machozi, mana mtu akiliwa hapo anaona kaonewa, anaanza kucheza kwa hasira, na pesa nyingi anaipoteza kwenye ile saa moja inayofuatia.

Bint Bububu:
Samahani kaka angu, nina suali moja tu. Ulipokwenda kuposa ulisema unafanya kazi gani?

Mwana wa Malindi:
@Bint Bububu 😅 wazee walisema kwa niaba yangu, "mambo ya kompyuta". Baba mkwe toka siku ile simu yake ikikwama ananiletea mie. Mke wangu alikuwa anajua toka mwanzo, hakupenda, na sharti lake lilikuwa moja, kwamba mahari na chakula cha watoto visitoke huko.

Kwa hiyo nilikuwa na kazi ya pili. Wengi wa wenzangu walinicheka, mtu anakula poka pauni elfu usiku mmoja halafu Jumamosi anakwenda ghala kupanga maboksi kwa mshahara wa saa. Lakini pesa ya ghala ndo ilikuwa pesa ya nyumbani, na ndo niliyokuwa namtumia mama Unguja. Mama alisema zamani, pesa ya karata isiingie kwenye jungu langu. Benki nilikuwa na akaunti mbili hazigusani. Uingereza anayeshinda kamari halipi kodi juu ya alichoshinda, Marekani wanakatwa, basi kuna watu wananambia una bahati hulipi kodi, ndio, lakini nikitaka mkopo wa nyumba benki wananiuliza umepata wapi, slipu ya mshahara iko wapi. Ya ghala ndo nilokuwa naitoa.

Bint Bububu:
Hapo kwenye akaunti mbili nimekuheshimu. Mkeo simfahamu ila mpe salamu zangu.

Mkaazi wa Wete:
Yakhe mie nasoma hapa nacheka, mana hayo unayoyasema sie Pemba twayajua bila ya karata. Karafuu kuna mwaka imebeba mpaka matawi yanavunjika, watu wanaoa, wanaezeka bati, wananunua vespa, na kuna mwaka unapanda mti unashuka na pishi. Mwenye akili ni yule ambaye mwaka wa neema anajua huu haurudi mwakani. Nambie weye, mwaka wako wa kubeba ulifanya nini?

Mwana wa Malindi:
@Mkaazi wa Wete mwaka nliobeba sikuoa tena inshallah 😂. Niliweka. Ila nimeona walionizidi mbali wamefanya nini. Kuna Stu Ungar, Mmarekani, wengi wanamwita mchezaji mwenye kipaji kupita wote, kachukua mashindano makuu ya dunia ya Las Vegas 1980, 1981, na tena 1997, mwaka huo wa mwisho peke yake dola milioni moja. Novemba 1998 kakutwa amekufa kwenye moteli ya bei rahisi hapo hapo Las Vegas, ana miaka 45, unga ulishammaliza, na wenziwe ndo waliochangishana mazishi. Alikuwa anakula kwenye karata usiku anakwenda kuliwa kwenye farasi mchana. Wachezaji wengi wazuri wana tundu la namna hii, yani mtu mezani hesabu zake safi kabisa, akitoka hapo anabeti gofu, anabeti mpira, anabeti nani atamaliza kula kwanza.

Kete64:
Nimengojea mtu aulize haya naona hamna. Bwana mkubwa, pahala pa kuchezea akili tunapo sisi. Bao la kete, mashimo 32, kete 64, kila kitu kiko wazi mbele yako, hupewi wala hunyimwi. Ukifungwa umefungwa wewe. Wazungu wametuletea mchezo wa kubahatisha halafu unatuambia ni ustadi?

Mwana wa Malindi:
@Kete64 afadhali umekuja. Hapa ndo penye raha yangu. Ukiniuliza hobi, nilikuwa nazo mbili kule. Kuogelea, kwenye bwawa la manispaa lina dawa mpaka macho yanawaka, mana kukaa kwenye kiti saa kumi mgongo unakufa. Na bao, nilibeba langu la mninga kwenye begi nikalipia uzito wa ziada, mke wangu hajasahau. Wapoka wengi wana mchezo wa pili, wengi sataranji, Gus Hansen yule Mdenishi alitokea kwenye bakgamoni, mchezo wa kete na dadu, Patrik Antonius alikuwa mtu wa tenisi.

Lakini nikwambie bao limenisaidia nini na limeniharibia nini. Limenisaidia kuhesabu, kwenye namua, ile awamu ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi, lazima uone kete zako zitakapoishia na mwenzio atakula wapi, na mtu anayeweza kuona mbali hivyo hapati tabu na hesabu za poka. Limeniharibia kwa sababu bao linakuzoesha kwamba ukifungwa kuna kosa lako, ulitafute. Kwenye poka unaweza kufungwa wiki nzima na kosa hakuna, ukilitafuta kwa nguvu utalizua, ubadilishe mchezo mzuri uliokuwa nao. Ilinichukua muda mrefu kuiweka akili sawa hapo.

Ila kwa raha tu, kukaa barazani na kahawa na kashata, watazamaji wanakutukana, mzee mmoja anakwambia "toka we huko, hujui", hakuna kasino yoyote inayofikia. Jaws Corner siku hizi dhumna ndo imeshika sana, bao ni la kutafuta.

Kete64:
Njoo Kikwajuni jioni. Utafungwa.

Mkeka Dume:
Lakini si kuna yule jamaa Moneymaker? Nimeona Youtube. Kaanza na senti.

Mwana wa Malindi:
@Mkeka Dume nilijua utamleta. Chris Moneymaker, jina lake la kweli la ukoo, mhasibu wa Tennessee. 2003 kaingia kijishindano cha onlaini cha dola 86, akapata tiketi ya mashindano makuu ambayo kiingilio chake ni dola 10,000, watu 839, akawashinda wote akabeba dola milioni 2.5. Kila mhasibu duniani akasema na mie. 2006 waliingia watu 8,773. Sasa hesabu na weye, mmoja tu ndo aliyeshinda, hao 8,772 unawajua?

Na zama zile zimepita. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia tovuti kubwa za poka kwa watu wa kule kwa siku moja, watu wakaamka hawana kazi, na wateja wa Full Tilt, moja katika tovuti hizo, walikaa muda mrefu pesa zao hazionekani. Wengine walihamia Meksiko, wengine Kanada, kucheza tu. Watu wanaozungumza habari ya kujiajiri hawaijui hii, kwamba kazi yako inaweza kufungwa na hakimu ambaye humjui katika nchi ambayo si yako.

Mwalimu wa Hesabu:
Na hizi kompyuta? Nimesoma kuwa zimeshawafunga wanadamu.

Mwana wa Malindi:
@Mwalimu wa Hesabu zimeshafunga. Januari 2017 kule Pittsburgh programu ya chuo cha Carnegie Mellon inaitwa Libratus ilicheza mikono 120,000 na maprofesheno wanne, mmoja mmoja, ikawapiga wote. 2019 ikaja Pluribus, hiyo ni meza ya watu sita. Na hapo kati zimetoka programu za kujifunzia ambazo unaingiza hali ya meza inakwambia hapa zuga mara tatu katika kumi, hapa laza. Vijana wa sasa wanakaa nazo mchana kutwa kama tulivyokuwa tunahifadhi juzuu. Mchezo umekuwa mgumu kila mwaka, samaki wanapungua, na onlaini hujui unacheza na mtu au na mtu aliyewasha programu pembeni.

Ndo tunarudi kwenye lile ambalo nusu ya inboksi wananiuliza, kwa nini nimerudi. Sikufilisika. Nilikuwa naangalia walionitangulia, nikawa naona wale wenye akili zaidi wanaondoka. Vanessa Selbst, mwanasheria wa Yale, alikuwa mwanamke aliyeshinda pesa nyingi kupita wanawake wote katika mashindano, mwanzoni mwa 2018 kaaga kaenda kwenye kampuni ya uwekezaji. Liv Boeree, msomi wa fizikia wa Manchester, kashinda mashindano ya San Remo, Italia, 2010 zaidi ya yuro milioni moja, naye kaacha anashughulika na mambo mengine. Hawa walikuwa na kitu cha kuandika kwenye karatasi. Mie siku moja nilikaa kuandika sivii, nikaandika jina, skuli ya Malindi, ghala, na katikati kuna shimo kubwa. Nimefanya maamuzi ya pesa maelfu kwa maelfu chini ya presha, naijua probabiliti kuliko watu wengi wa benki, na hakuna mtu wa kunipa barua. Huna pensheni, huna bosi wa kumpigia simu, huna hata wenzio wa kazini wa kukuzika. Umri nao unakwenda, saa kumi za usiku mbele ya skrini ukiwa na 25 si sawa na ukiwa na watoto wawili wanaoamka saa kumi na mbili asubuhi.

Ustadh wa Ng'ambo:
Na ile akaunti ya pili? Bado ina kitu?

Mwana wa Malindi:
Bado.

Ustadh wa Ng'ambo:
Sitokusema hapa mbele za watu. Wanavyuoni wamezungumzia mtu aliyetubia akiwa na mali kama hiyo, kwamba huitoa kwa masikini na maslahi ya watu bila ya kutaraji thawabu ya sadaka, na kuna ufafanuzi kwa aliye mhitaji. Njoo msikitini baada ya isha tuzungumze kwa kituo, au tafuta unayemwamini kuliko mie.

Mwana wa Malindi:
Ahsante ustadh. Nitakuja. Siahidi nitatoka na jawabu moja.

Mkaazi wa Wete:
Sasa utakula nini yakhe? Tusikuone umekaa Forodhani unauza urojo kwa probabiliti.

Mwana wa Malindi:
@Mkaazi wa Wete urojo una faida kuliko unavyodhani. Nina mambo mawili. Tuisheni ya hesabu jioni, hiyo nimeshaanza, vijana wa fomu foo, bei ndogo. La pili kuna rafiki yangu ana vyumba vya wageni Paje, anapanga bei kwa kunusa, Agosti anajaza vyumba vyote wiki mbili kabla, maana yake kauza rahisi, halafu Mei mvua za masika ziko juu anakaa na vyumba vitupu na bei ile ile. Nimemwomba buku lake la bookingi la miaka iliyopita, nimekaa nalo nikaona wageni wangapi wanaghairi, wa njia gani, wa mwezi gani. Hii ni kazi ile ile, una vyumba kumi, unajua kwa kawaida mmoja au wawili hawatotokea, je unauza cha kumi na moja? Ukikosea mgeni anasimama mlangoni na begi saa tano usiku.

Resepsheni Jambiani:
Nimekuwa nasoma kimya. Mie ndo ninayesimama na huyo mgeni wa saa tano usiku kwa hiyo nina la kusema. Hesabu zako nzuri lakini Paje si laptopu. Upepo wa kusi ukichelewa watu wa kaiti, wale wanaoteleza baharini kwa tiara, wanaghairi wote kwa pamoja, sio mmoja mmoja. Boti ikizuiwa kwa bahari chafu, wanachelewa wote kwa pamoja. Ndege hivyo hivyo. Karata zako kila mkono unaanza upya, wageni wangu wanakuja kwa makundi na wanakosa kwa makundi. Ukiuza cha kumi na moja hakikisha umeshazungumza na jirani mwenye chumba, na jirani naye usiku ule awe hakujaza kwa sababu hiyo hiyo.

Mwana wa Malindi:
@Resepsheni Jambiani hiki ndo kitu nilikuwa sina. Kwenye buku niliona wiki fulani ameghairiwa vyumba sita nikadhani ni makosa ya kuandika, nikaifuta. Naomba nikuulize, mnaandika pahala popote sababu ya kughairi au mnafuta jina tu?

Resepsheni Jambiani:
Tunafuta jina tu. Ila mie nina daftari langu mwenyewe, naandika mana bosi anatulaumu sisi. Toka msimu wa juzi. Njoo na chai, daftari halitoki hapa.

Mwana wa Malindi:
Alkhamis nipo.